Rafiki wa mwanao akilala njaa, nani aseme?

Mwanao wa darasa la pili akirudi jioni na kukuambia kwamba rafiki yake hanywi uji shuleni kwa sababu kwao hawajalipa mchango, utamjibu nini? Wazazi wengi husema "maskini, pole yake", kisha wanaendelea na walilokuwa wakifanya. Wengine humkanya: mambo ya nyumba za watu hayatuhusu. Mtoto husikia zaidi ya maneno hayo. Anaelewa kwamba njaa ni aibu, na kwamba mbele ya wakubwa haitajwi.

Wiki hii nataka tuzungumze kuhusu vitabu vya watoto vinavyosimulia umaskini, njaa, kukosa makazi na kusaidiana. Huenda unajiuliza daktari ameingiaje kwenye hadithi. Hatukuanza leo. Mwaka 1989, katika Boston City Hospital nchini Marekani, madaktari walianza kuwapa watoto vitabu wanapofika kliniki na kuwaonyesha wazazi namna ya kuwasomea. Mpango huo unaitwa Reach Out and Read na upo hadi leo. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo kilitoa msimamo kwamba kumshauri mzazi amsomee mtoto kwa sauti, tangu akiwa mchanga, ni sehemu ya huduma ya kawaida ya daktari. Mimi nina sababu nyingine ya kuvipenda vitabu vya aina hii. Vinaweza kutusaidia kumjua mtoto mwenye njaa mapema, kabla miguu yake haijavimba.

Chukua kitabu kiitwacho Maddi's Fridge, alichoandika Lois Brandt mwaka 2014. Kiko kwa Kiingereza, lakini hadithi yake ni fupi, unaweza kuisimulia kwa Kiswahili jikoni huku ukimenya viazi. Sofia na Maddi ni marafiki. Siku moja wametoka kucheza, Sofia ana njaa, anafungua friji ya akina Maddi. Haina kitu, ila maziwa kidogo ambayo mama anamwekea mdogo wake Maddi. Maddi anamwomba Sofia asimwambie mtu yeyote, naye anaahidi. Kuanzia hapo Sofia anahangaika kumpelekea rafiki yake chakula kwa siri ndani ya begi la shule. Samaki ananuka. Mayai yanapasuka. Mtoto mdogo amejitwisha mzigo wa mtu mzima na hana pa kuutua. Mwishowe anavunja ahadi na kumwambia mama yake.

Watoto wakifika hapo hubishana sana, na waache wabishane. Sofia amekosea? Ametoboa siri ya rafiki! Sisi wenyewe tumelelewa kwa "funika kombe mwanaharamu apite", na sitara ni jambo jema. Nyumba ya jirani haifai kuwa gumzo la kisimani. Lakini kuna tofauti kati ya kutangaza na kuomba msaada, na mtoto wa miaka 7 hawezi kuijua tofauti hiyo asipofundishwa. Mweleze hivi: siri ya zawadi ya siku ya kuzaliwa itunze, maana ikijulikana watu watafurahi. Siri inayokuumiza tumbo, au inayomfanya mwenzako aumie, mletee mtu mzima unayemwamini. Mtoto aliyelielewa hili kupitia hadithi ya friji tupu atakuwa nalo pia siku mtu mbaya atakapomgusa vibaya na kumwambia "hii ni siri yetu". Ndiyo maana naona hadithi hiyo ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana kwa michoro yake ya kuchekesha.

Na hayo maziwa ya mdogo wake Maddi hayanipiti hivi hivi. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliuandikia ugonjwa tunaouita unyafuzi na kuupa jina ambalo akina mama wa Kiga walikuwa wakilitumia: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayepokonywa nafasi mdogo wake anapozaliwa. Mama akiwa na kikombe kimoja cha maziwa humpa mdogo, na ana haki. Sisi wengine tumtazame mkubwa.

Njaa ikija kliniki haijitaji kwa jina lake. Inakuja ikiitwa maumivu ya tumbo ya asubuhi, kichwa kuuma, kizunguzungu wakati wa mstari, mtoto kusinzia darasani au kuwa na hasira za ghafla. Tunapima malaria, tunapima choo, mzazi anaomba tupime na taifodi. Vipimo vyote vinarudi safi. Ndipo unauliza jana usiku alikula nini, na chumba kinanyamaza. Mwili wa mtoto huweka akiba ndogo ya sukari kwenye ini, ilhali ubongo wake unatumia nyingi. Akilala na chai tupu na kuamkia shule bila kitu, kufikia saa nne huna mwanafunzi pale, una mwili unaosubiri kengele. Mwaka 2015 chama kile cha madaktari wa Marekani kiliwataka wanachama wake wawe wanaiuliza kila familia kama chakula kinatosha nyumbani, kwa sababu kwa kumtazama mtoto tu huwezi kujua. Kwetu ni vigumu zaidi, kwa kuwa udumavu umezoeleka: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 Tanzania wakiwa wafupi kuliko umri wao. Mtoto wa namna hiyo haonekani mgonjwa. Husemwa tu kuwa amefuata upande wa baba yake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi. "Maliza sahani, kuna watoto wanalala njaa!" Nani hajaambiwa hivyo? Kwanza, kumlazimisha mtoto kula mara nyingi humpunguzia hamu, na mtoto aliyezoea kumaliza sahani kwa amri huacha kusikiliza shibe ya mwili wake. Pili, yule mtoto mwenye njaa amegeuzwa fimbo. Mwanao hatamhurumia, atamchukia, jinsi sisi tulivyowachukia wale watoto wa mfano ambao kila siku walikuwa na nidhamu kuliko sisi. Kuna vitabu vilivyoandikwa kwa roho hiyohiyo: maskini hana jina, hana utani, hana mchezo anaoujua, kazi yake ni kulia hadi tajiri afike. Kitabu cha hivyo kiache dukani. Maddi, kwa kulinganisha, ni hodari wa kupanda ukuta wa michezo kuliko Sofia. Ana njaa, lakini si njaa peke yake.

Kipimo changu cha kuchagua ndicho hicho: je, mtoto maskini aliyemo kitabuni ana kitu cha kumpa mwenzake? Katika Those Shoes cha Maribeth Boelts, cha mwaka 2007, Jeremy anatamani viatu ambavyo kila mtu shuleni anavyo. Bibi yake hana hela ya vitu vya kutamani, ana ya vitu vya lazima. Jeremy anavikuta dukani kwa mitumba, vimembana, ananunua hivyohivyo. Vidole vinaumia. Baadaye anampa Antonio, ambaye viatu vyake vimebandikwa kwa gundi ya karatasi. Ni uamuzi mgumu na kitabu hakimfichi mtoto ugumu wake. Mzazi wa Kariakoo au wa Gikomba hahitaji kuelezwa zaidi.

Mama Panya's Pancakes, cha Mary na Rich Chamberlin cha mwaka 2005, kiko karibu nasi zaidi, maana ni hadithi ya kijijini Kenya. Mama anakwenda sokoni na sarafu chache kununua unga wa chapati za maji, na mwanawe Adika anamkaribisha kila anayekutana naye njiani. Mama anahesabu wageni na roho inamdunda. Jioni wageni wanafika, kila mmoja na alichojaliwa. Wasomee watoto wa umri wa chekechea, watacheka, na hofu ya mama wataielewa bila kuambiwa.

Beatrice's Goat cha Page McBrier kilitoka mwaka 2001 na kinamhusu msichana wa kweli wa Uganda, Beatrice Biira, ambaye familia yake ilipewa mbuzi, ikauza maziwa, naye akapata kwenda shule. Hapa daktari lazima aseme neno kuhusu mbuzi. Maziwa yake yachemshwe, kwani mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela, na asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja badala ya ya mama, kwa sababu yana upungufu wa vitamini ya kutengeneza damu. Tuendelee.

Kuhusu hadithi ya Andersen ya msichana muuza viberiti, ya mwaka 1845, ambaye anakufa kwa baridi usiku wa mwaka mpya watu wakimpita: ni kazi kubwa, ila simsomei mtoto wa miaka 4 wakati wa kulala. Kwa kawaida watoto wa umri huo hawajaelewa kwamba kufa hakuna kurudi, na wanachobaki nacho ni hofu kwamba wakitoka nje hakuna mkubwa atakayewatazama. Ngoja afike miaka 8 au 9, na ukae naye.

Usiseme huna hela ya vitabu. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ina sehemu ya watoto, na mradi wa African Storybook unatoa hadithi bure kwenye intaneti, nyingine zikiwa kwa Kiswahili, zinazosomeka kwenye simu. Tena nyumba nyingi tayari zina hadithi hizi. Waislamu wanakijua kisa cha Khalifa Umar kumkuta usiku mama anayechemsha mawe ili watoto wadhani chakula kinaiva wapitiwe na usingizi. Akaenda kubeba unga mgongoni mwake mwenyewe na kukataa kupokelewa mzigo. Wakristo wanamjua mjane wa Sarepta na kiganja chake cha unga, na yule mvulana mwenye mikate mitano na samaki wawili. Simulia kimojawapo leo, kisha uliza swali moja tu: unadhani wale watoto walisikiaje tumboni? Halafu nyamaza. Kunyamaza ni kugumu kwa wazazi, lakini majibu huja hapo.

Inawezekana wewe unayesoma ndiwe mwenye friji tupu, au hujawahi kuwa na friji. Safu hii ni yako pia. Mama wa mawe alifanya alichoweza usiku ule, lakini watoto wako wakubwa wanajua sufuria ina nini. Mtoto hudhurika zaidi na hofu asiyoelezwa kuliko na ukweli anaoambiwa na mtu anayemtuliza. Mwambie: "Leo chakula ni kidogo, si kosa lako wala langu, na kesho naenda kuomba msaada mahali fulani." Taja mahali penyewe. Usimwambie asiseme shuleni.

Na kama ni mwanao amekuletea habari ya rafiki, mshukuru kwanza, kisha mwondolee mzigo: "Umefanya vizuri kuniambia, sasa ni kazi yangu." Nenda kwa mzazi mwenzako ukiwa peke yako. Usimpe mwanao mfuko wa unga apeleke darasani, wala usipige picha. Ongea na mwalimu ule mchango wa uji ulipwe bila jina lako kutajwa. Ukiona mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 amekonda, miguu imevimba yote miwili, nywele zimekuwa nyekundu na kunyonyoka, usingoje unga ufanye kazi. Mshauri mama ampeleke zahanati leo wampime mkono kwa utepe. Mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali, na anatakiwa kuanzishiwa chakula dawa, au kulazwa kama amevimba sana, ana homa au hawezi kula.

Pale unapohisi mtoto ananyimwa chakula kwa makusudi, au hakuna mtu mzima nyumbani, usiende kugombana na majirani. Zungumza na ofisa ustawi wa jamii wa eneo lako, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, Tanzania na Kenya. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Iandike kwenye jalada la ndani la kitabu chochote mtakachosoma wiki hii.