Nyumba Iliyo Tiba: Juu ya Kumlea Mtoto Aliyejeruhiwa Moyo

Katika mwambao huu wa Mbegani, Kaole na Mlingotini, kumlea mtoto asiye wa tumbo lako si jambo la kustaajabisha, kwani aghalabu nyumba haikosi mjukuu aliyeletwa kwa bibi, mtoto wa ndugu aliyefariki, au binti wa jirani aliyekuja kushinda siku moja akakaa hata akaolewa. Walakini wako watoto ambao wema huo peke yake hauwatoshi: waliopigwa na wale wale waliopaswa kuwahifadhi, walioingiliwa miili yao, au waliotupwa wakiwa wachanga mno hata hawakuwahi kuujua mkono mmoja wa kuutegemea. Nao si wachache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto wa namna hiyo akikosa kwao, humfaa mlezi wa kambo aliyefunzwa, ambaye mwenendo wa nyumba yake, tangu alfajiri hata usiku, ndio dawa yenyewe.

Tumtazame, mathalan, mtoto wa miaka saba aliyepokewa katika nyumba ya mvuvi. Usiku wa kwanza anakula wali mpaka anatapika. Siku ya tatu mama wa nyumba, akitandika kitanda, anakuta chini ya godoro vipande viwili vya muhogo vilivyoanza kuvunda na konzi ya dagaa iliyofungwa katika kipande cha kanga. Asiyefunzwa ataona wizi, na pengine atainua fimbo. Aliyefunzwa ataona hesabu ya mtu mdogo ambaye hajapata kuwa na yakini ya chakula cha kesho. Basi hamwaibishi wala hamhubirii, bali humpa kikapu chenye kifuniko, akamwambia, "Hiki chako, mwanangu, hakiguswi na mtu," na kila jioni hutia kitu ndani yake mbele ya macho ya mtoto. Na mtoto akiuliza gizani, "Shangazi, kesho tutakula?" hujibiwa kwa maneno yale yale ya jana: asubuhi uji, mchana wali, usiku mkate na chai. Swali hilo laweza kurudi kwa miezi mingi, na jibu halina ruhusa ya kuchoka.

Hapa ndipo kazi ilipo ngumu kwa watu wa pwani, kwa sababu riziki ya bahari haina saa: bamvua ina desturi yake na maji mafu yana yake, na baba huondoka usiku huu akarudi adhuhuri ya kesho. Lakini tumejaliwa adhana, ambayo haingoji samaki, na mlezi mwenye busara huweza kuifunga siku ya mtoto juu yake, ajue kuwa baada ya magharibi kuna kuoga, na baada ya isha kuna hadithi na kulala. Mwili uliozoea kushtuka hutulia polepole unapoweza kulijua jambo kabla halijafika.

Elimu hii haikutoka mbali tu. Bibi Mary Ainsworth, mwanasaikolojia, alikaa Uganda miaka ya 1954 na 1955, akawatazama akina mama 26 wa Kiganda na watoto wao majumbani, akaona jinsi mtoto anayetambaa anavyothubutu kwenda mbali kwa kuwa anaye wa kumrudia. Kisha huko Bucharest, Romania, watoto 136 wa makao ya kulelea walichunguzwa, nusu yao wakapelekwa kwa walezi wa kambo kwa kura. Waliokwenda majumbani walipata nafuu, hasa waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili. Na katika Moshi na Bungoma, watoto 640 waliofiwa na wazazi walishirikishwa katika utafiti ambamo washauri hawakuwa madaktari, bali raia wa kawaida waliofundishwa, na walezi wakaitwa kushiriki. Katika sehemu tatu kati ya nne za utafiti huo, waliopewa ushauri huo walipona zaidi ya wenzao ulipomalizika. Basi asiseme mtu kwamba kazi hii inawataka wasomi wakubwa.

Anayeikusudia aanze kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yake. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, afisa huyo huichunguza nyumba, tabia na mapato yake, na baadaye huja kumtazama mtoto. Malezi ya kambo si kuasili, ambako huamriwa na Mahakama Kuu. Mtoto hubaki na jina lake na nasaba yake. Kwa Waislamu, walio wengi hapa, hili ni faraja, kwa kuwa lakaribiana na kafala, yaani kumlea mtoto pasipo kuibadili nasaba yake, ambayo Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unaitaja waziwazi. Suala la umahramu, yaani udugu unaozuia ndoa, hubaki, maana kunyonya mara tano kabla ya miaka miwili, ambako kwa Mashafii humfanya mtoto kuwa mahramu, hakuwezekani kwa mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa. Lakini adabu inayotakiwa na dini ndiyo itakiwayo na tiba: binti aliyevunjiwa heshima huhitaji mlango unaofungwa kwa ndani, na kila mtu wa nyumba, baba akiwa wa kwanza, abishe hodi na kungoja aambiwe karibu. Nimeona hodi peke yake ikimrudishia mtoto usingizi.

Nalo ni jukumu la mlezi kuisitiri habari ya mtoto. Jirani akiuliza barazani amepatwa na nini, huambiwa kuwa ni mtoto wetu, anakaa kwetu, na maneno huishia hapo.

Lililo la mwisho husahauliwa na wengi. Mlezi huchoka, na uchovu wake hugeuka hasira ambayo mtoto huyu huinusa kabla haijatamkwa. Kwa hiyo, kabla mtoto hajaingia nyumbani, apatikane mtu mmoja, dada au wifi, atakayekaa na mtoto jioni moja ya kila juma. Awe yule yule kila mara, afundishwe habari ya kikapu na ya hodi, na afisa alijue jina lake.