Jeraha la Nyoka: Sumu Huua Nyama, Bakteria Hufuata

Mguu ulioumwa na moma, ambaye pengine huitwa kifutu au bafe, huvimba ndani ya saa chache. Ngozi hukaza na kung'aa, malengelenge hujitokeza, na maumivu huwa makali. Wengi wauonapo hivyo hudhani kwamba jeraha limekwisha kuingiwa na bakteria, wakakimbilia antibiotiki. Kwa kawaida uvimbe wa siku ya kwanza ni kazi ya sumu yenyewe. Bakteria huja baadaye, katika mahali ambapo sumu imewaandalia.

Sumu ya moma ina vimeng'enya vinavyobomoa kuta za mishipa midogo ya damu na kuharibu misuli. Sumu ya swila atemaye mate nayo huua ngozi na nyama iliyo chini yake. Sehemu iliyokufa haipati tena damu. Kwa hiyo haifikiwi na oksijeni, wala chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, wala antibiotiki aliyopewa mgonjwa. Bakteria waingiapo humo hustawi bila upinzani.

Bakteria hao hutoka pande tatu. Baadhi, kama Morganella na Proteus, hukaa kinywani mwa nyoka. Wengine, kama Staphylococcus, huishi juu ya ngozi ya mtu mwenyewe. Wengine huletwa na mkono wa msaidizi: wembe wa kuchanjia, mdomo wa kunyonya sumu, majani yaliyopondwa, au kinyesi cha ng'ombe. Kamba iliyokazwa nayo huzuia damu, hivyo huzidisha kufa kwa nyama.

Kwa sababu hiyo, si kila aliyeumwa huhitaji antibiotiki tangu mwanzo. Hustahili kupewa iwapo jeraha limechanjwa au limepakwa uchafu, nyama imeanza kufa, au dalili za maambukizi zimeonekana: uvimbe uliokuwa ukipungua kurudi upya, homa ya siku za baadaye, usaha, au harufu mbaya. Hata hivyo dawa peke yake haitoshi. Nyama iliyokufa sharti iondolewe na mtaalamu, baada ya kuhakikisha kwamba damu inaganda vizuri. Kinga ya pepopunda nayo isisahauliwe, ila sindano ya msuli isubiri hadi damu igande.

Dawa ya kupambana na sumu ya nyoka huizuia sumu isiendelee kudhuru, lakini haifufui nyama iliyokwisha kufa. Ndiyo maana kila saa inayopotea njiani ina gharama yake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na takriban mara tatu ya idadi hiyo hukatwa viungo au hubaki na ulemavu wa kudumu.

Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujazidi, kiungo kisichezeshwe, na apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Jeraha lisikatwe, lisinyonywe, wala lisipakwe kitu. Mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani naye arudi kituoni mara aonapo usaha, harufu mbaya, ngozi inayogeuka nyeusi, au homa. Kidonda kikiwahiwa, mguu huweza kuokolewa.