Mstari Upewe Zamu, Jozi Ipewe Usiku

Kila Alhamisi, ikikaribia saa nne usiku, meza yangu ya muziki hupata wageni wa aina mbili. Wa kwanza huinama na kuniomba: "Dada DJ, tuwekee Jerusalema, tujipange." Wa pili hungoja huyo aondoke, kisha hunisogelea: "Dada, tafadhali, leo mistari basi. Tumekuja kucheza na watu." Wote wawili wamelipa kiingilio na wote wawili wana hoja. Mimi ni mpiga muziki katika usiku wa salsa, bachata na kizomba hapa Dar es Salaam, na kabla ya muziki huwafundisha wanaoanza. Suala hili nimelitafakari muda mrefu na msimamo wangu ninao: mstari una nafasi katika usiku wa jozi, mradi kazi yake iwe kuwapeleka watu kwa wenzao. Ukishawafanya wasiwahitaji wenzao, umeuharibu usiku.

Kwa ambaye hajawahi kufika, hali iko hivi. Mtu anaweza kuja peke yake. Wimbo ukianza, unamwendea yeyote, unanyoosha mkono, unamwomba mcheze. Dakika nne au tano baadaye wimbo unaisha, mnashukuriana, kila mmoja anatafuta mwingine. Mmoja anaongoza, mwingine anafuata, na hakuna aliyekariri kitakachotokea. Mkono ukiinuliwa kidogo, anayefuata anajua anazungushwa. Salsa huhesabiwa hadi nane, na mguu hutulia kwenye nne na kwenye nane. Bachata, hapohapo kwenye nne na nane, hugonga sakafu kwa ncha ya kiatu. Kizomba, iliyozaliwa Angola miaka ya 1980 kutokana na semba na zouk, hutembea taratibu kwa kukumbatiana.

Mstari una taratibu zake. Watu hujipanga safu safu wakitazama upande mmoja, hatua wamezikariri, na kila mzunguko wa hatua ukiisha safu zote hugeuka robo kuelekea ukuta mwingine. Kwenye harusi na sendofu zetu wengi huuita kwaito. Humwombi mtu, hukataliwi, humshiki mtu. Faida yake na hatari yake zote zimo humo.

Nianze na hatari, maana naiona kila wiki kutoka jukwaani. Kwanza ni sakafu. Watu ishirini waliojipanga huchukua karibu ukumbi wetu wote. Safu inakwenda kulia kwa pamoja, jozi ya salsa inakwenda mbele na nyuma kwenye njia yake nyembamba, na kisigino cha mmoja kinatua kwenye vidole vya mwingine. Pili ni muda. Muziki wetu huanza saa tatu na kuisha saa sita, yaani nyimbo kama arobaini. Aliyepanda mwendokasi kutoka Kimara ili acheze na watu, kila wimbo wa mstari unampunguzia nafasi moja.

Hatari ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni mazoea. Kumwomba mtu mcheze kunataka moyo. Kijana aliyeanza bachata mwezi uliopita husimama karibu na meza ya maji akijikusanya. Nikipiga mstari wakati huo, anajiunga na safu, anafurahi, anatoka jasho, kisha anarudi palepale alipokuwa. Usiku unaisha hajamwomba mtu hata mmoja. Na nikipiga mistari mitatu mfululizo, wimbo wa nne ukiwa bachata, sakafu hubaki tupu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Hata hivyo, wanaouomba mstari si wavivu. Kwetu wanawake ni wengi kuliko wanaume wanaoongoza. Mama mmoja mstaafu, anayekuja na viatu vyake vya kuchezea kwenye mfuko wa kitenge, aliniambia: "Mwanangu, miguu ninayo, wa kunishika mkono ndiye simpati." Mtu kama huyo akikaa kitini nyimbo sita, wiki ijayo hatarudi. Mstari humwinua bila kungoja hisani ya yeyote. Wapo pia wasiopenda kushikwa na wasiowafahamu, kwa sababu za imani, za ndoa, au zao wenyewe, na sakafu ni yao pia. Naye anayeanza hujifunza ndani ya safu jambo ninalohangaika nalo darasani: kuhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, na kusikiliza mdundo bila kutazama chini.

Wanaoudharau mstari wakumbuke Jerusalema ilivyofika hapa. Wimbo ni wa Afrika Kusini, wa Master KG na Nomcebo Zikode, wa mwaka 2019. Hatua zilizouzungusha duniani zilitoka Angola. Februari 2020 kundi la Fenómenos do Semba la Luanda lilisambaza video likicheza kwa safu, wachezaji wakiwa na sahani za chakula mkononi. Semba iliyo kwenye jina lao ni dansi ya kushikana, ndiyo iliyozaa kizomba. Kwa hiyo mstari uliochezwa kuliko mingine yote ya miaka ya karibuni umetoka kwa watu wa jozi. Wiki chache baadaye korona ilifunga kumbi katika nchi nyingi, kushikana kukawa hatari, na safu ile ikawapa watu njia ya kucheza pamoja bila kugusana.

Hoja yangu kubwa zaidi iko karibu na nyumbani. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, hubeba mambo yote mawili ndani ya wimbo mmoja. Mwanzoni magitaa yametulia, mwimbaji anasimulia, watu wameshikana. Kisha linaingia sebene: gitaa la solo linazungusha noti zilezile, ngoma zinachangamka, watu wanaachiana na kila mmoja anabaki na kiuno chake. Zaiko Langa Langa, bendi iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1969, iliacha tarumbeta na kulirefusha sebene. Miaka ya 1980 ikawaleta mbele atalaku, wale wanaoita mtindo kwa sauti huku ukumbi mzima ukiwafuata.

Bendi zetu nazo zilikuwa na mitindo yenye majina. DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, ilikuwa na Sikinde. NUTA, na baadaye Juwata, ilikuwa na Msondo. Baba yangu alikuwa mtu wa Sikinde. Beti za mwanzo alimshika mama, sebene likiingia waliachiana, na wimbo uliofuata alimwendea tena. Sikuwahi kumsikia akiuliza kipi kati ya hivyo viwili ndicho dansi halisi. Alijua mpangilio: mnashikana, mnaachiana, mnarudiana.

Mpangilio huohuo nimeukuta mbali na kwetu. Lindy Hop ni dansi ya jozi iliyokomaa katika ukumbi wa Savoy, Harlem, New York, miaka ya 1930. Wachezaji wake wana mstari wao uitwao Shim Sham, uliotokana na wacheza tap wa miaka ya 1920. Frankie Manning, mchezaji wa Savoy aliyefariki 2009, aliwafundisha vijana wa nchi nyingi namna yake ya kuucheza. Hatua zilizokaririwa zikiisha, muziki unaendelea: kila mtu anamshika aliye karibu naye, wanacheza wawili wawili, na mwongozaji anawaamuru wagande, au wacheze polepole. Nao Wakuba, katika rueda de casino iliyoanzia Havana miaka ya 1950, hupanga jozi kwa duara. Mwitaji anataja hatua, wote wanaifanya kwa pamoja, na wenza wanabadilishana. Wote mnafanya hatua moja, na mkono wa mtu bado mnao.

Kutokana na hayo tumeweka utaratibu, na mwenye ukumbi ameukubali. Mstari wa kwanza hupigwa saa tatu, mara darasa linapoisha. Wa pili hupigwa saa nne na nusu. Baada ya hapo hakuna mwingine, hata akiomba nani. Mshereheshaji hutangaza wimbo mmoja kabla, na upande wa karibu na baa huachwa kwa jozi zisizotaka safu. Hatua tunazifundisha darasani, na asiyezijua namwambia asimame katikati, si nyuma, kwa sababu safu zikigeuka aliyekuwa nyuma hujikuta mbele akiwa hana wa kumwangalia. Jambo la muhimu kuliko yote ni wimbo unaofuata: siku zote ni bachata ya polepole au rumba, nami huuunganisha bila kimya hata kidogo, huku mshereheshaji akisema, "Aliye kushoto kwako, mwombe." Yule kijana wa meza ya maji hana tena ukumbi mzima wa kuuvuka, na yule mama mstaafu ana watu pande zote mbili.

Upungufu wa wanaoongoza, lakini, mstari hauwezi kuutibu. Dawa yake ni darasani. Siku hizi tunawafundisha wanawake kuongoza na wanaume kufuata, na kila anayejua pande zote mbili anapunguza kiti kimoja chenye mtu anayesubiri.

Basi waandaaji wenzangu, msigombane kuhusu Jerusalema. Upimeni usiku kwa swali moja: ni wangapi wameondoka wakiwa wamecheza na mtu ambaye hawakumfahamu walipoingia? Mstari unaoongeza idadi hiyo, upigeni kwa moyo mmoja. Unaoipunguza, uachieni harusi.