Ufuatiliaji wa amana za muda maalumu kwa programu ya fedha binafsi

Ufuatiliaji wa amana za muda maalumu ni utunzaji wa kumbukumbu za fedha zilizowekwa benki kwa kipindi kilichopangwa, kwa kutumia programu ya kompyuta au simu inayosimamia mapato na matumizi ya mtu binafsi au familia. Kumbukumbu hizo huonyesha kiasi kilichowekwa, kiwango cha riba, kodi inayokatwa na tarehe ya kuiva, yaani siku ambayo mwenye amana anaweza kuchukua fedha zake bila kupoteza riba.

Amana yenyewe

Amana ya muda maalumu hutofautiana na akaunti ya kawaida ya akiba kwa sababu mwenye fedha hukubali kutozigusa kwa muda fulani, kwa mfano miezi 3, 6 au 12. Benki nayo humlipa riba iliyotajwa tangu mwanzo. Akizitoa kabla ya wakati, kwa kawaida hupoteza riba yote au sehemu yake.

Nchini Marekani bidhaa ya namna hii huitwa hati ya amana, na baadhi ya hati hizo huuzwa na kununuliwa kupitia madalali kabla hazijaiva. Hati ya aina hiyo huweza kuandikwa katika programu kama kitega uchumi chenye bei ya soko. Amana ya kawaida ya benki za Tanzania haiuzwi kwa mtu mwingine, kwa hiyo huandikwa kama akaunti yenye salio.

Mpangilio katika programu

Mojawapo ya programu zinazotumika ni GnuCash, ambayo hupatikana bila malipo na hufuata mfumo wa maingizo mawili: kila fedha inayoingia katika akaunti moja lazima iwe imetoka katika nyingine. Haina aina ya pekee ya akaunti kwa ajili ya amana hizi. Mtumiaji hufungua akaunti ya mali, na chini yake akaunti ndogo kwa kila amana. Jina la akaunti ndogo huweza kubeba jina la benki na tarehe ya kuiva.

Siku ya kuweka fedha huandikwa uhamisho kutoka akaunti ya akiba kwenda akaunti ya amana. Kuuandika kama matumizi ni kosa, kwa sababu mali ya mwenye fedha huonekana imepungua ilhali imehama tu. Vilevile, fedha zinaporudi si mapato; mapato ni riba peke yake.

Nchini Tanzania benki hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 katika riba kabla ya kumlipa mteja. Mfano wa hesabu ni amana ya shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, iliyowekwa kwa miezi 6:

- Riba kabla ya kodi: 2,000,000 × 0.08 × 6/12 = shilingi 80,000
- Kodi ya zuio: shilingi 8,000
- Riba anayopokea mteja: shilingi 72,000
- Jumla inayorudi akaunti ya akiba: shilingi 2,072,000

Benki ikihesabu kwa siku, yaani siku 182 kati ya 365, riba kabla ya kodi huwa shilingi 79,781. Tofauti ndogo kama hiyo si lazima iwe kosa la benki. Katika programu, riba yote ya shilingi 80,000 huandikwa kama mapato na shilingi 8,000 kama kodi. Anayeandika shilingi 72,000 pekee hawezi baadaye kulinganisha kiwango alichoahidiwa na alicholipwa.

Tarehe ya kuiva na msimu wa kilimo

Wilaya ya Gairo katika Mkoa wa Morogoro iliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Kilosa. Mji wa Gairo uko kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, na wakazi wengi wa wilaya ni wakulima wa mahindi, alizeti na maharage. Mapato ya mkulima huja kwa mkupuo baada ya mavuno. Mvua za kupandia huanza kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba, na kabla yake huhitajika fedha za mbegu, mbolea na vibarua.

Kwa hiyo, amana ya miezi 6 iliyowekwa mwanzoni mwa Julai huiva Januari, wakati wa kupanda umeshapita kwa wengi. Ya miezi 3 huiva Oktoba. Mkulima huweza kugawa fedha: sehemu ya pembejeo iive Oktoba, na sehemu ya ada za shule iive Januari.

Hatari nyingine ni amana kuendelezwa yenyewe. Ikiwa mkataba unaruhusu hivyo na mteja hakutoa maelekezo, benki huanzisha kipindi kipya na fedha hufungwa tena. Programu yenye miamala iliyopangwa, kama GnuCash, huweza kukumbusha siku kadhaa kabla ya tarehe hiyo.

Bima ya amana

Bodi ya Bima ya Amana hulipa wateja wa benki iliyofilisika hadi kikomo kilichowekwa kwa kila mteja katika kila benki. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano: Covenant, Efatha, Meru, Njombe na Kagera. Wakati huo kikomo kilikuwa shilingi 1,500,000. Kilipandishwa kuwa shilingi 7,500,000 mwaka 2023. Malipo ya kiasi kinachozidi kikomo hutegemea ufilisi wa mali za benki. Jumla ya akaunti zote kwa kila benki, ambayo programu huionyesha kwa urahisi, humwezesha mwenye fedha kuona kiasi kisicholindwa.

Mipaka ya programu

Programu huhifadhi kile tu kilichoandikwa ndani yake. Ushahidi wa amana ni mkataba, cheti au taarifa iliyotolewa na benki, na kumbukumbu za mtumiaji hulinganishwa na nyaraka hizo. Nakala ya faili huhifadhiwa mahali pengine, kwa kuwa simu au kompyuta huweza kuibiwa au kuharibika. Mtu asiye na kompyuta huweza kufuata mpangilio huohuo katika daftari lenye safu za benki, kiasi, riba, kodi na tarehe ya kuiva.