KUIPIMA HEWA YA MIJI

Binadamu aweza kukaa siku kadhaa bila chakula, lakini bila hewa hawezi kukaa hata dakika chache. Maji machafu aweza kuyakataa akatafuta mengine. Hewa ya mahali alipo hana budi kuivuta. Mtu mzima huvuta zaidi ya lita 10,000 za hewa kila siku, pamoja na yote yaliyomo ndani yake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa nje na wa majumbani, husababisha vifo vipatavyo milioni 7 kila mwaka. Kwa hiyo mji utakao kulinda afya ya wakazi wake hauna budi kujiuliza kwanza: hewa yetu imebeba nini, na kwa kiasi gani?

Somo la mwaka 1952

Tarehe 5 Desemba 1952 upepo ulitulia katika jiji la London. Moshi wa makaa ya mawe ulinaswa chini pamoja na ukungu kwa muda wa siku tano. Hesabu za kwanza zilionyesha kwamba watu wapatao 4,000 walikufa zaidi ya ilivyo kawaida. Makadirio ya baadaye yamefikia 12,000. Wakazi wa jiji hilo walikuwa wamekwisha kuuzoea moshi. Lakini vipimo vya moshi vilipowekwa kando ya hesabu za vifo vya kila siku, ilionekana wazi kwamba kimoja kilipopanda, na cha pili kilipanda. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hewa Safi.

Vumbi lisiloonekana

Moshi ule ulionekana kwa macho. Ulio hatari zaidi leo mara nyingi hauonekani. Wataalamu huhofia hasa chembe zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, yaani karibu sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Vumbi nene hunaswa puani na kooni. Hili laini hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na baadhi yake huingia katika damu. Huko huchochea maradhi ya moyo, kiharusi na magonjwa ya kifua.

Jinsi linavyopimwa

Njia iliyo ya asili ni ya mizani. Chujio safi hupimwa uzito, kisha pampu huvuta hewa kupitia chujio hilo kwa saa 24, nalo hupimwa tena. Tuchukue mfano. Pampu imevuta mita za ujazo 24, na chujio limeongezeka uzito kwa maikrogramu 960, maikrogramu moja ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Tukigawanya 960 kwa 24 tunapata maikrogramu 40 katika kila mita ya ujazo. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 hutaka wastani wa siku usizidi 15, na wastani wa mwaka usizidi 5. Hewa ya mfano wetu, basi, imevuka kiwango cha siku zaidi ya mara mbili.

Vipo pia vyombo vinavyolikusanya vumbi juu ya utepe na kupitisha mionzi ya beta. Kadiri vumbi linavyoongezeka, ndivyo mionzi inayopenya inavyopungua. Hivyo hutoa jibu kila saa. Lakini vyombo hivyo ni ghali, nacho chombo kimoja hakiwezi kusema habari za mji mzima.

Kifaa nafuu na shahidi wake

Jirani zetu wa Kampala wamelishughulikia tatizo hili. Tangu mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, katika mradi uitwao AirQo, wamekuwa wakiunda vifaa vya bei nafuu na kuvifunga juu ya nguzo, majengo, na hata pikipiki za bodaboda. Ndani ya kifaa, hewa hupita mbele ya mwali wa mwanga. Chembe huutawanya mwanga huo, na kiasi cha mtawanyiko hutumiwa kukisia wingi wa vumbi. Matokeo husafirishwa kwa njia ya simu.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Kifaa hiki hakipimi uzito, hukisia tu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe hufyonza maji na kuvimba, na kifaa husoma vumbi kuwa ni jingi kuliko lilivyo. Kwa sababu hiyo vifaa nafuu hapana budi viwekwe kwanza kando ya chombo kinachoaminika, ili kosa lake lijulikane na kusahihishwa. Kifaa kisichokuwa na shahidi huyo chaweza kuutia mji hofu ya bure, au kuupa faraja isiyo ya kweli.

Kutoka kipimo hadi hatua

Vipimo vyema huonyesha pia chanzo cha uchafu. Vumbi nene likizidi sana lile laini, mshukiwa wa kwanza ni barabara isiyo na lami. Laini likizidi, twatazama vitu vinavyochomwa: mkaa, kuni, taka, na mafuta katika injini chakavu. Ikiwa uchafu hupanda asubuhi na jioni, saa za magari na za mapishi zatoa fununu. Halmashauri yaweza hivyo kuchagua barabara ya kutiwa lami mwanzo, au mahali pasipofaa kujengwa shule. Maana watoto, kwa kulinganisha na uzito wa miili yao, huvuta hewa nyingi kuliko watu wazima.

Baada ya hatua kuchukuliwa, kipimo chapaswa kurudiwa pale pale. Namba isiposhuka, dawa haikufaa, na yafaa itafutwe nyingine. Kupima hakuisafishi hewa. Lakini mji usiopima hutumia fedha zake bila kujua kama watu wake wamepata nafuu.