Kuielewa Misimbo ya Usajili wa Tasnifu

Katika ukurasa wa ikirari wa tasnifu nyingi, jina la mtahiniwa huandamana na msimbo wa usajili. Wengi huunakili bila kuuzingatia. Hata hivyo, kwa mtahiniwa anayeishi mbali na idara yake, mathalani mwalimu wa Kitale au Bungoma aliyesajiliwa Nairobi, kutouelewa msimbo huo huweza kumgharimu miaka.

Kwa kawaida msimbo huwa na sehemu tatu. Ya kwanza hubainisha programu. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, C50 ni uzamili wa sanaa na C80 ni uzamifu. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho hutumia C50 kwa uzamili, ilhali uzamifu ni C82. Hivyo basi, C50 pekee haitambulishi chuo. Anayetafiti ufundishaji wa Kiswahili chini ya kitivo cha elimu huweza kupewa E55, ijapokuwa mada yake yakaribiana na ya mwenzake wa C50. Sehemu ya pili ni nambari ya mwanafunzi mwenyewe. Ya tatu ni mwaka wa kuandikishwa.

Mwaka huo ndio uzito wa msimbo. Viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 viliweka muda usiopungua miaka 2 kwa uzamili na miaka 3 kwa uzamifu. Mtahiniwa akikawia, msimbo haubadiliki. Msomaji yeyote ataona safari ilianza lini.

Yafaa kutofautisha mambo mawili zaidi. Kwanza, kuwa na nambari si sawa na kuwa umesajiliwa. Mtahiniwa anapomaliza kozi za darasani na kurejea kazini, huenda akadhani kwamba kilichobaki ni kuandika tu. La hasha! Tasnifu nayo ni sehemu ya masomo, na usajili huhuishwa kila mwaka hadi itahiniwe, hata kama hakuna mhadhara anaohudhuria.

Pili, kibali cha utafiti kina msimbo wake. Anayekwenda kurekodi wazungumzaji wa Lubukusu huko Bungoma huhitaji leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Msimbo wake huanza kwa NACOSTI/P, ukafuatwa na mwaka na nambari. Leseni hiyo hudumu mwaka mmoja, wala haichukui nafasi ya usajili wa chuo.

Chuo Kikuu cha Kibabii kilichoko Bungoma kilitunukiwa hati mwaka 2015, na kwa wengi masomo ya juu yakasogea karibu na nyumbani. Hata hivyo, ukaribu wa chuo haumwondolei mtahiniwa wajibu wa kuhifadhi stakabadhi za karo, barua ya kuidhinishwa kwa pendekezo na fomu za kila mwaka. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali.