Hewa ya Njiti Ina Dozi Yake

"Nesi, mwongezee mtoto hewa kidogo." Ombi hili haliishi kwenye wodi ya watoto wachanga. Baba amesimama kando ya kitanda, macho kwenye kioo cha mashine: 93. Kwake alama nzuri ni 100. Hizo saba zimekwenda wapi?

Kwa njiti anayepewa oksijeni, 93 ndiyo tunayoitafuta. Namba hiyo ni kiwango cha oksijeni kwenye damu, na lengo ni asilimia 90 hadi 95. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa njiti waliowekewa lengo la 85 hadi 89 walikufa wengi kuliko wale wa 91 hadi 95. Ikipanda mno nako, hatari huhamia machoni.

Mishipa ya damu ya retina, utando ulio ndani ya jicho kwa nyuma, hukamilika mimba ikikaribia miezi tisa. Mtoto wa wiki 28 huzaliwa mishipa hiyo ikiwa bado njiani. Oksijeni nyingi huisimamisha. Baadaye retina ikianza kuona njaa, mishipa mipya huchipuka ovyo na kuacha kovu, na kovu laweza kuivuta retina hadi ibanduke. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, hospitali za nchi tajiri ziliwamiminia njiti oksijeni kwa nia njema. Watoto wapatao 10,000 wakapofuka. Mwanamuziki Stevie Wonder, njiti wa mwaka 1950, ni mmoja wao.

Tena mara nyingi anachokosa mtoto ni msukumo. Mapafu yake yamepungukiwa ute unaozuia vifuko vya hewa visinate, hivyo kila akitoa pumzi vinasinyaa. Hapo tunamwekea CPAP: hewa yenye oksijeni huingia puani, na mrija wa kutokea huzamishwa kwenye chupa ya maji, sentimita 5 hivi. Maji hayo huizuia hewa isitoke yote, na vifuko hubaki wazi. Sikiliza chupa. Ikitokota, hewa inafika. Ikinyamaza, huenda mrija umechomoka puani. Mwite nesi.

Siku ya kuruhusiwa, usiondoke bila kuuliza macho yatapimwa lini. Njiti aliyezaliwa kabla ya wiki 32 hupimwa retina akiwa na wiki 4 hadi 6, hata akionekana mzima, maana retina iko nyuma ya jicho na mzazi haioni. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi ya kliniki, jirani na ya chanjo.